Mafia na watoto: Juni au Desemba?

Swali: Mimi ni mwalimu, naishi Morogoro. Mimi na mume wangu tunataka kuwapeleka wanetu wawili, wa miaka 13 na 8, Kisiwa cha Mafia. Mdogo hajui kuogelea. Tumeambiwa ukishaingia tu Hifadhi ya Bahari unawaona papa potwe, wale wakubwa wenye madoa meupe, na kasa wakianguliwa, vyote kwa safari moja. Tunafikiria likizo ya Juni, siku nne. Je, ni kweli? Tufikeje bila kumaliza akiba, na huyu mdogo tumfanyeje? Kila siku ananiuliza kama potwe anauma.

Jibu: Mwalimu, mkienda Juni mtawakuta kasa, potwe hamtawaona. Mkienda Desemba mtawaona potwe, na kasa itakuwa bahati ya kukutana naye majini. Aliyekuambia utavipata vyote kwa safari moja amekupa matumaini tu. Kwa familia yenye mtoto wa miaka minane na siku nne mkononi, mimi ningesema Desemba, na ndani ya Desemba hiyo mchague siku za maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai sana wala haikupwi sana. Nitakueleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa ukiishika sababu utaweza kupanga mwenyewe hata tarehe zikibadilika.

Kwanza ramani. Kisiwa kikuu kina urefu wa kama kilomita 50. Mji wa Kilindoni uko upande wa magharibi, unaotazama bara, na ndiko kwenye bandari, kiwanja cha ndege, hospitali ya wilaya, soko na gesti nyingi. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iko upande wa pili, kusini na mashariki. Ilianzishwa mwaka 1995 kwa sheria iliyopitishwa 1994, ikawa hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania, na ina kilomita za mraba 822. Ndani yake kuna kijiji cha Utende, Ghuba ya Chole, visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, na huko kusini kabisa mwamba wa Kitutia. Kutoka Kilindoni hadi Utende ni kama kilomita 15 za lami.

Sasa shika hili: potwe hula mbele ya Kilindoni, nje ya mipaka ya hifadhi. Kasa hutaga pwani ya mashariki ya Juani, ndani ya hifadhi. Ni pande mbili za kisiwa, na kila upande una msimu wake. Nimewaona watu wakilala Utende siku tatu, wakilipa ada ya hifadhi kila siku, wakisubiri potwe apite mbele ya chumba chao.

Upepo ndio unaogawa mwaka. Kuanzia Aprili hivi hadi Septemba inavuma kusi, upepo wa kusini, na Juni na Julai huwa imeshika hasa. Bahari ya Kilindoni iko wazi kwa upepo huo, kwa hiyo mawimbi huwa makubwa na maji huchafuka. Kuanzia Novemba hadi Machi inavuma kaskazi, upepo wa kaskazini, ikitokea upande wa pili wa kisiwa. Kilindoni huwa imejificha nyuma ya kisiwa chenyewe, na asubuhi bahari hulala kama mafuta kwenye sinia. Katikati ya pepo hizo mbili kuna matlai, wakati upepo umelegea na maji ni mazuri kuliko wakati wowote. Oktoba na Novemba za mwanzo ndizo siku ninazozipenda mimi, lakini shule haziko likizo, basi tusizungumzie hizo.

Potwe huanza kuonekana vizuri Oktoba na huendelea hadi Februari, mara nyingine Machi. Wanachofuata ni uduvi na vijisamaki vidogo vinavyojikusanya karibu na ufukwe. Zamani tulidhani kwamba msimu ukiisha wanahama kabisa, wanakwenda nchi nyingine. Watafiti waliwafunga vifaa vinavyotoa mlio chini ya maji na kutega vipokezi kuzunguka eneo hilo, wakagundua kuwa wengi wao hawaendi mbali. Wanasogea kina kirefu kidogo, mbali na macho yetu, kisha wanarudi. Mafia ni kwao, si njia ya kupita. Ndiyo maana nahodha akikwambia mwezi Juni "tutawatafuta, hawakosekani", anasema kweli kwamba wapo. Kuwaona ni habari nyingine, na mafuta ya mashine mtalipa ninyi.

Nije kwenye mwezi, nikimaanisha mwezi wa angani. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua: maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti ya mita tatu na zaidi. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo na mkondo ni mpole. Hayo kila mtoto wa pwani anayajua. Ambacho wageni hawaambiwi ni kwamba saa nazo zina utaratibu. Siku za bamvua maji hujaa saa kumi, saa kumi na moja alfajiri, na tena jioni saa hizo hizo. Kwa hiyo saa nne, saa tano asubuhi, wakati familia imeshakunywa chai na inataka kuogelea, Ghuba ya Chole imekauka sehemu kubwa na unatembea kwenye majani ya bahari na tope. Siku za maji mafu ni kinyume chake: saa nne, saa tano asubuhi ndipo yanapojaa, na hata yakipwa hayaendi mbali.

Kwa mtoto asiyejua kuogelea, tofauti hiyo ni kila kitu. Ghuba ya Chole hupumua kupitia milango michache kwenye miamba, na mkubwa wake ni Kinasi. Siku ya bamvua maji hupita pale kwa nguvu ambayo hata mzamiaji aliyezoea hashindani nayo. Anasubiri yajae, ili mkondo ukimbeba umpeleke ndani ya ghuba na si nje baharini. Siku ya maji mafu sehemu za ndani ya ghuba huwa kama bwawa. Kwa hiyo chukua kalenda yenye mwezi, tafuta siku ya 8 hadi ya 10 tangu mwezi kuandama, au ya 23 hadi ya 25, na siku zenu nne ziangukie hapo. Ukiwa na jirani anayehesabu tarehe za Kiislamu, yeye atakutajia papo hapo.

Nilijifunza uzito wa jambo hili kwa namna ambayo sitaki mwingine ajifunze. Miaka mingi nyuma niliwapeleka wageni sita Kua, kule Juani, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Tulifika saa mbili asubuhi, maji yakiwa yameshaanza kutoka, na nahodha aliniambia tuna nusu saa. Kua ina magofu ya misikiti na jumba la ghorofa, mibuyu imeota katikati ya kuta, na kila jiwe lina hadithi. Nilisimulia. Tuliporudi saa tatu na nusu mashua ilikuwa imelala ubavu juu ya tope na maji yako mbali, mstari mwembamba wa kung'aa. Tulikaa chini ya mikoko hadi saa nane mchana na chupa mbili za maji kwa watu wanane, mmoja wao mzee wa miaka sabini na ushei aliyekuwa na kisukari. Hakuna aliyeumia, lakini uso wa mzee yule saa sita mchana sijausahau. Tangu siku hiyo nahodha akisema nusu saa, mimi natoka dakika ya ishirini.

Safari yenyewe sasa. Njia ya akiba ndogo inapitia Nyamisati, wilayani Kibiti. Mkitoka Morogoro mtalala Dar es Salaam, kisha alfajiri mtapanda gari Mbagala Rangi Tatu, njia ya kusini, hadi Bungu, na hapo mnakata kushoto kuelekea Nyamisati. Kivuko kinatoka hapo hadi Kilindoni, saa kadhaa majini. Ratiba hubadilika, maana chombo hupita kwenye mkono wa mto unaojaa na kupwa, kwa hiyo piga simu siku moja kabla na usitegemee tangazo la mwezi uliopita. Beba vitambulisho vya watu wazima na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Majina yenu yataandikwa kabla ya kupanda, na hakikisheni ya watoto pia yameandikwa, hata kama mtu ataona ni usumbufu.

Pale mtakapoanza kuiacha mikoko, mwambie mkubwa wako atazame kusini. Ile ni delta ya Rufiji, kwenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote Afrika Mashariki. Ndani ya mifereji ile meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha kwa miezi hadi ilipoangamizwa Julai 1915, na ndege zilizoitafuta ziliruka kutoka Mafia, ambayo Waingereza walikuwa wameiteka Januari mwaka huo. Kwa kijana wa miaka 13 hiyo ni historia inayoonekana kwa macho.

Mawimbi yakiwasumbua, kaeni katikati ya chombo, sehemu ya chini, mtazame upeo wa macho. Mtoto asipande na tumbo tupu wala lililojaa chipsi. Mkate mkavu na tangawizi vinatosha. Watu wengine watawaambia mpande majahazi ya mizigo yanayotoka Kisiju kwa bei nafuu zaidi. Nawaheshimu sana manahodha wa majahazi hayo, lakini jahazi lililopakia saruji na mabati si mahali pa kumweka mtoto. Msipande.

Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam hutumia kama nusu saa. Ni ghali kwa watu wanne, ila wengine huenda kwa kivuko na kurudi kwa ndege ili kuokoa siku. Mizigo hupimwa kwa ukali, kilo 15 hivi kwa mtu, na begi laini hupokelewa kuliko sanduku gumu.

Kuhusu fedha, hesabu ya akili ni hii: laleni Kilindoni, msilale Utende. Gesti za Kilindoni ni za bei ya kawaida, samaki na wali wa nazi vipo, na mtakuwa karibu na potwe bila kulipa ada ya hifadhi. Siku mtakayokwenda Chole na Juani ndipo mtakapopita getini njia ya Utende na kulipia siku hiyo tu. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na hapo tena kitambulisho cha taifa ndicho kitakachowasaidia. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu, kwa hiyo wekeni salio kabla, maana mtandao ukisumbua mtakaa getini jua likipanda. Tembeeni pia na fedha taslimu ya kutosha siku zote nne. Boti, bajaji na mama lishe hawatazungumza habari za kadi.

Boti huulizwa bei kwa chombo kizima, si kwa kichwa. Ulizeni wenzenu gestini, mara nyingi mtapata familia nyingine ya kuchangia. Kabla ya kutoa shilingi, nenda ufukweni ukakione chombo kwa macho yako. Hesabu majaketi okozi, ulizia la mtoto, mvishe mwanao pale pale ufunge kamba uone kama linapanda hadi masikioni. Likipanda, ni kubwa, na majini litamvuka kichwa. Nahodha akikunja uso kwa sababu umekagua, tafuta mwingine. Wazuri wapo wengi, na wao ndio wanaofurahi ukiuliza.

Haya, potwe. Tokeni saa moja asubuhi, kabla kaskazi haijapanda. Nahodha mzuri hakimbii huku na huko. Anasimama, anatazama, anawapigia wavuvi wa dagaa waliokesha baharini, maana potwe huzifuata nyavu zao. Kisha mtaona maji yamebadilika rangi, kijani kizito kama mchicha uliochemshwa, na ukichota kwa kiganja utaona nukta nukta zinazoruka. Ni uduvi. Mahali palipo na uduvi hivyo, zima mashine usubiri.

Anapokuja, kwanza unaona pezi la mgongoni na ncha ya mkia, zikiwa mbali kiasi kwamba unadhani ni samaki wawili. Ukiweka miwani usoni ukatazama chini, maji yanakuwa ukungu wa kijani, huoni kitu, huoni kitu, halafu madoa meupe yanatokea kwenye ukungu, mistari na nukta zimepangwa kama kanga ya zamani, na nyuma ya madoa kuna mnyama mrefu kuliko daladala. Wengi wanaoonekana Mafia ni madume ambayo hayajakomaa, wa mita nne hadi tisa, na akikua kabisa anapita mita 12. Mdomo unafunguka upana wa meza. Anavuta maji, mashavu yanatikisika, maji yanatoka kwenye matamvua, anapita. Ukisikiliza vizuri unasikia mvumo wa maji yakiingia. Madoa yale hayafanani kwa potwe wawili, kama alama zetu za vidole, na watafiti huwapiga picha ubavuni, nyuma ya matamvua, ili kumtambua kila mmoja mwaka hadi mwaka.

Nakuomba, na naomba kwa moyo wote, msimguse. Kaeni mita tatu kutoka mwilini na nne kutoka mkiani, msimzibie njia mbele, msipige picha kwa mwanga, na wasizidi watu kumi majini kwa samaki mmoja. Nimemwona potwe mwenye mgongo uliochanwa na panga la mashine ya boti, mistari minne iliyolingana kama ya tuta la viazi. Nimemwona nahodha akimfukuza samaki robo saa nzima ili wateja wake wapate picha, hadi samaki akazama na asubuhi ya kila mtu ikaishia hapo. Abiria ndio wanaolipa, na abiria wakisema "nahodha, tulia, tusimfuate", boti inatulia. Wewe ni mwalimu, sauti hiyo unayo.

Siku ya hifadhini, maji mafu, nendeni Utende asubuhi, vukeni hadi Chole. Kisiwa ni kidogo, mnakizunguka kwa miguu. Mji wa Chole ulishika nafasi ya mji wa Kua baada ya Kua kuvamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, na Wajerumani nao walikaa hapo kabla ya kuhamishia utawala Kilindoni mwaka 1913. Majengo yao yameshikwa na mizizi ya mitini mpaka hujui kama ukuta unaushikilia mti au mti unaushikilia ukuta. Kwenye miti mirefu wananing'inia popo wakubwa wala matunda, wa jamii ya wale wa visiwa vya Komoro, ambao huku kwetu wanajulikana Mafia tu. Watazameni kwa utulivu. Msipige makofi waruke, kama baadhi ya watembezi wanavyofanya kufurahisha wageni. Popo anayeruka mchana anaunguza nguvu anayoihitaji usiku.

Kuogelea na miwani na mrija kufanyike ndani ya ghuba, kwenye miamba ya kina kifupi. Hifadhi ina zaidi ya aina 400 za samaki, na matumbawe ya aina nyingi sana, mengine marefu kama matawi, mengine mabapa kama sinia. Mtaona pia sehemu zilizokufa, rangi ya majivu. Mengine yaliuawa na joto la bahari la mwaka 1998, mengine na baruti za wavuvi wa miaka iliyopita. Waonyesheni watoto na hayo. Wakitazama vizuri wataona matumbawe machanga, ukubwa wa kitufe cha shati, yameota juu ya yaliyokufa. Msisimame juu ya kitu chochote isipokuwa mchanga. Kitutia ni pazuri mno, lakini ni mbali na kuko wazi baharini, na kwa safari hii ningewaacha.

Vaeni fulana za mikono mirefu majini badala ya kutegemea mafuta ya kupaka, na yeboyebo miguuni kila mnapokanyaga pwani. Kuna wale viumbe weusi wa duara wenye miiba mirefu, wanaokaa chini majini, na mwiba wao hukatikia ndani ya nyama. Mkitembea kwenye mchanga wa majini burureni miguu, msiinyanyue, ili samaki taa aliyejifukia awasikie aondoke. Chandarua kiwe kizima, na maji ya kunywa mengi kuliko mnavyodhani.

Kama mtaamua Juni hata hivyo, labda kwa sababu ya kazi ya baba, safari haitakuwa ya bure. Kasa wa kijani huanguliwa Juani kuanzia Juni hadi Septemba hivi, kama siku 55 hadi 60 tangu mama alipofukia mayai. Shirika la Sea Sense, pamoja na walinzi kutoka vijijini wenyewe, hutembea pwani zile alfajiri, huandika tarehe ya kila kiota, na hukadiria siku ya kuanguliwa. Ulizeni mapema, mtaambiwa siku. Mtavuka Juani kwa miguu, kupita mashamba na vichaka, hadi pwani ya mashariki ambako kusi inapiga usoni. Mlinzi atapiga magoti na kuchimba kwa mkono, taratibu, kama anayefukua viazi asitake kuvichubua. Mchanga unaanza kutikisika wenyewe. Kikatoka kichwa, ukubwa wa ncha ya kidole gumba, macho yamejaa mchanga, kisha bawa moja, kisha wengine kumi kwa pamoja. Msiwabebe kuwapeleka majini. Waacheni watembee. Mchango mnaotoa hapo sehemu yake hurudi kijijini, na huo ndio uliowafanya watu waliokuwa wakifukua mayai kwa ajili ya kula wawe ndio wanaoyalinda. Julai na kuendelea nyangumi nao hupita upande huo, wakielekea na kutoka kwenye maji ya kuzalia.

Neno kuhusu vijiji. Watu waliishi hapa kabla ya hifadhi, na wanaishi ndani yake hadi leo. Wanavua, lakini kwa masharti: kuna maeneo yaliyofungwa kabisa na mengine yenye zana zilizokatazwa. Wamepoteza sehemu ya bahari yao ili wewe na mimi tuione ikiwa nzima, na si kila mmoja anaona alilipwa vya kutosha. Kwa hiyo piga hodi, salimia, shikamoo kwa wazee hata kama una haraka, funga kanga ukitoka majini, na usimpige picha mama anayetafuta pweza bila kumwomba. Ukiona anauza pweza wake, nunua. Usinunue makombe, matumbawe wala kitu chochote cha gamba la kasa ng'amba. Kuvitoa kisiwani ni kosa kisheria, na kila kinachonunuliwa leo, kesho huvuliwa kingine.

Sasa huyu wa miaka minane. Msimtupe baharini siku ya kwanza ili "azoee". Siku mtakayofika, jioni, mpelekeni ufukweni maji yakiwa ya magotini, avae miwani, aweke uso majini akiwa amesimama, apumue kwa mrija hadi aache kuogopa sauti ya pumzi yake mwenyewe. Kesho yake arudie akiwa na jaketi okozi. Siku ya potwe aingie wa mwisho, baada ya ninyi kuona maji yametulia, akiwa ameshika boya kwa mikono miwili, baba ubavuni na baharia mmoja upande wa pili. Boya lifungwe kamba kwenye boti. Akikataa kuingia, asilazimishwe. Kutoka juu ya boti atamwona akipita chini yake, na kwa kimo chake hilo linatosha sana.

Na mjibu hivi: potwe ana meno maelfu, madogo kama punje za uwele, na hayatumii kula. Anakula kwa kuchuja maji, na koo lake ni jembamba, mtoto hapiti. Kitu pekee cha kuangalia ni mkia, maana ni mzito na yeye hajui kama kuna mtu nyuma yake. Kwa hiyo akae upande wa kichwa, na amtazame jicho. Ni dogo sana kwa mwili ule, liko pembeni kabisa mwa mdomo, na litageuka kidogo kumfuata.